Foleni ya Haskell inanishinda

mpemba_wa_wete: Asalaam aleikum, naandika kwa Haskell, ile lugha ya kuprogramu, kiprogramu cha foleni ya abiria wa boti pale Malindi, kila abiria namtia mwisho wa listi kwa ++ (alama ya kuunga listi mbili), wakiwa kumi shwari ila wakifika elfu kumi kompyuta inahema kama punda wa gari, kosa liko wapi?

bi_mkokotoni: Ile ++ inaitembea listi nzima mpaka mkiani kwa kila abiria yakhe! Weka listi mbili, anayeingia mtie kichwani mwa ya nyuma, anayetoka mtoe ya mbele, ya mbele ikesha ndo unaipindua ya nyuma iwe ya mbele. Queue (foleni) ya lugha ya Erlang iko hivohivo.

fundi_darajani: Ya nini tabu, moduli ya Data.Sequence imo kwenye maktaba ya containers, kwa alama |> unatia mwisho, basi.

mpemba_wa_wete: N'shabadilisha, imekuwa nyepesi wallahi. Ahsanteni