Vyuo binafsi nyanda za juu kusini: tufukuze wahadhiri au tugawane kozi?

Wakuu, huu mjadala wa vyuo vya kanisa kuishiwa hela naona unazunguka kwenye majibu mawili tu, wengine wanasema pandisheni ada, wengine punguzeni wahadhiri. Mi nayakataa yote mawili.

Kwanza tujue tumefikaje hapa. Chuo cha umma mishahara inatoka Hazina, ila chuo binafsi kinaishi kwa ada, na ada ya wanafunzi wengi inapitia Bodi ya Mikopo. Bodi ilianza 2005, mwaka uliofuata shule za kata zikaanza kuota kila kona, walimu hawatoshi, wanaosoma ualimu wakapewa kipaumbele cha mkopo, basi kila chuo kikakimbilia ualimu maana darasa linajaa na hela ina uhakika, na Kiswahili na Historia havidai maabara, ukumbi na kipaza sauti vinatosha. Halafu 2016 serikali ikasimamisha ajira kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na ziliporudi walimu wa sayansi ndio wakatangulizwa, wa arts wakabaki mtaani. 2017 TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, nayo ikazuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Kwa hiyo ukiona chuo kinayumba leo usikimbilie kumlaumu mhadhiri, aliyeamua chuo kizima kiegemee kozi moja sio yeye.

Na hiyo kupunguza watu mnayoisema kirahisi, someni sheria ya ajira ya 2004. Kiinua mgongo cha lazima ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Yaani mtu kafundisha miaka 15, kwa kiwango hicho anaondoka na mshahara wa siku 70! Ana watoto shuleni, ana mkopo benki, halafu tunaita huo ni mkakati wa kujiendesha.

Namjua mhadhiri mmoja huku Mbeya, asubuhi anafundisha chuo kimoja, saa nane yuko kwenye bajaji anawahi kingine, somo lilelile, slaidi zilezile, mitihani anasahihisha usiku sebuleni maana ofisi hana. Kote kuwili analipwa kwa saa, na hakuna chuo kinachofikiria kumsomesha PhD. Hapo walimu wamezidi au kozi ndio zimejirudia?

Sasa chukulia Iringa. Mji ule una Mkwawa (MUCE), chuo kishiriki cha UDSM tangu 2005, una Chuo Kikuu cha Iringa cha KKKT (Walutheri), una RUCU ya Wakatoliki. Vyote vitatu vina ualimu. Mi nasema ualimu wa kawaida waachiwe Mkwawa, ndio kazi waliyoanzishiwa na mishahara yao iko Hazina. RUCU ikaze kwenye sheria. Chuo Kikuu cha Iringa kikaze kwenye biashara, uandishi wa habari na theolojia. Maktaba wafungue milango, mwanafunzi wa chuo chochote aingie kwa kitambulisho chake.

Mtaniuliza wahadhiri wa ualimu waende wapi. Msifunge ghafla, acheni kudahili tu, waliopo wamalize miaka yao 3, na muda huo mwandae kitu kingine. Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono, kidato cha kwanza tangu 2024, hao watoto nani anawafundisha kilimo na ufundi? MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, wako hapa Iyunga na karakana zao, utafiti wa kilimo uko Uyole, Njombe na Rungwe kuna parachichi, Mufindi kuna msitu wa Sao Hill. Mwalimu wa mwalimu bado anahitajika sana, ila chuo kimoja peke yake hakiwezi kununua hivyo vifaa vyote, lazima washirikiane.

Kuna mdau kasema maaskofu hawatakubali, kila kanisa linataka chuo chake kamili. Ndugu yangu, haya makanisa yanakaa meza moja kwenye mambo ya hospitali kupitia CSSC, tume yao ya pamoja ya huduma za jamii, tangu miaka ya 90, kwenye kozi yatashindwaje?

Walio kwenye seneti na mabaraza ya vyuo naomba mje mtujibu jambo moja: kozi ipi inajilipa yenyewe na ipi inabebwa na nyingine? Mnazo hizo hesabu kozi kwa kozi? Na wahadhiri wenu mmewaonyesha kabla ya kuwaandikia barua?