Santuri za roki: Dark Side, Zeppelin ya nne, Rumours au Queen? Nachukua ipi?

Mlandizi_Jr
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa yangu anarudi kutoka London wiki ijayo, kanipa nafasi ya santuri mbili tu kwenye begi lake, na kesho kutwa lazima nimtumie majina aingie dukani. Nimebaki na nne kichwani: The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973), ile ya nne ya Led Zeppelin (1971), Rumours ya Fleetwood Mac (1977) na A Night at the Opera ya Queen (1975). Zote nimezisikiliza kwenye simu na zote nazipenda, ndiyo maana nimekwama. Ipi haichoshi hata ukiirudia miaka kumi? Naombeni ushauri.

kaptula_ya_kaki
Dark Side. Mods fungeni uzi.

FundiSpika
Mkuu umeleta nusu ya swali. Mashine ya kupigia ni ipi? Bajeti kiasi gani? Mpya au mtumba? Zako au za mtu? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia anayoipenda yeye, na uzi utafika ukurasa wa tisa bila jibu.

BintiShangani
Ati mtoto wa Shangani yumo kwenye orodha na bado mtu anauliza! Farrokh Bulsara kazaliwa Unguja 5 Septemba 1946, kaondoka na wazee wake 1964 baada ya Mapinduzi, kufika London akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Ile Bismillah mnayoisikia ndani ya Bohemian Rhapsody mnadhani kaiokota wapi? Chukua Queen. Ya pili chukua uitakayo.

kaptula_ya_kaki
Dada, Mercury alikuwa Mparsi, dini yake Zoroasta, na shule kasomea Panchgani huko India. Zanzibar yenyewe alikuwa haitaji mara nyingi. Tusigombee urithi wa mtu ambaye hakutuachia wosia.

BintiShangani
Mparsi wa Unguja ni Mzanzibari, kama alivyo Mgoa, Mngazija na Mshihiri. Baba yake alikuwa keshia wa serikali ya Mwingereza papa hapa. Mwaka 2006 watu walipotaka kumfanyia sherehe ya kutimiza miaka 60 ya kuzaliwa, ilipingwa vikali. Leo kuna makumbusho yake Mji Mkongwe na watalii wanalipa kiingilio. Kwa hiyo akileta fedha ni wetu, tukiulizwa santuri yake si wetu?

wa_Molo
Wakubwa niwaambie ukweli. Hizo nne ni za kusikizwa na mtu amekaa peke yake na headphone. Kama unataka kitu kila mtu kwa nyumba ataimba, chukua Hotel California ya Eagles, ya 1976. Hapa Kenya bendi yoyote ya hoteli, Naivasha ama Mombasa, inaijua kuanzia gitaa la kwanza mpaka lile la mwisho. Hiyo ndiyo kudumu. Zeppelin nani anaimba?

Mlandizi_Jr
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Mashine ni ile ya sanduku, inafungwa kama begi, spika ziko ndani. Bajeti laki mbili na nusu kwa zote mbili. Nataka mpya lakini mtumba nao sikatai. Ni zawadi.

FundiSpika
Sasa tunaongea. Santuri mpya London nyingi zinacheza kwenye pauni 25 hadi 35, kwa hiyo laki mbili na nusu inatosha kwa mbili, ila usitarajie chenji.

Tatizo ni mashine. Sahani inazunguka kwa kasi ileile, mara 33 na kitu kwa dakika, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa karibu na kitobo ni mfupi. Sauti ileile ya sekunde moja inabanwa kwenye njia fupi zaidi kadiri sindano inavyokwenda katikati. Sindano nzuri inahimili. Hizi za sanduku zina sindano nene na nzito, ikifika huko ndani "s" zote zinakuwa kama mtu anakaanga vitumbua.

Sasa angalia orodha yako. Stairway to Heaven ya Zeppelin ni wimbo wa mwisho upande A. The Great Gig in the Sky ya Dark Side, yule mama anayepaza sauti, mwisho upande A. Bohemian Rhapsody iko mwishoni kabisa upande B, baada yake ni God Save the Queen tu. Yaani nyimbo zenye makelele mengi kuliko zote ziko mahali pabaya kuliko pote. Rumours pekee imekaa vizuri: Dreams ni ya pili upande A, The Chain inafungua upande B, na karibu na kitobo upande A kuna Songbird, kinanda na sauti ya Christine McVie na gitaa kidogo. Kwa mashine yako, Rumours bila kufikiri.

kaptula_ya_kaki
> "yule mama anayepaza sauti"

Ana jina. Clare Torry. Aliingia studio ya Abbey Road Jumapili moja, akaambiwa aimbe bila maneno, akalipwa pauni 30 akaondoka. Albamu ikakaa kwenye chati ya Marekani wiki 741 kati ya 1973 na 1988. Ikabidi aende mahakamani, mwaka 2005 wakaelewana na jina lake likaandikwa kama mtunzi mwenza. Fundi unamhukumu kwa sindano ya sanduku?

Na unaposema ipi inadumu, Dark Side huwezi kuichomolea wimbo mmoja. Ukianza mapigo ya moyo unafika mpaka mapigo ya moyo. Ndiyo maana inafaa sahani kuliko simu.

Mzee_Kizota
Vijana salaam. Kabla hamjamshauri mtumba, nisikilizeni.

Mimi niliitafuta ile ya nne ya Zeppelin, toleo la kwanza la Uingereza, kwa muda mrefu. Nikampata muuzaji mtandaoni huko Ulaya, maelezo mazuri, picha za kava mbele na nyuma, yule babu mwenye mzigo wa fito mgongoni anaonekana vizuri. Kaandika "hali nzuri sana". Nikalipa, na bei yake sitaitaja hapa kwa sababu mama watoto anasoma huu mtandao. Mzigo ukakaa njiani, ukafika, nikaitwa kuulipia ushuru, nikalipa. Hapo bado nina furaha.

Nafungua nyumbani, kava ni lenyewe. Natoa sahani, naona lebo ya kijani. Nikajua ni mambo ya matoleo, nikaiweka. Ikaanza kwaya ya watoto, kwa Kijerumani, nyimbo za Krismasi! Nikaigeuza upande wa pili, Krismasi inaendelea. Tena sahani yenyewe imepinda, sindano inapanda na kushuka kama dau kwenye mkondo. Nimemwandikia yule bwana, akajibu mara moja kwamba atachunguza, halafu akaunti ikafutwa. Kuirudisha ingegharimu kuliko kuinunua. Kava nimelitundika sebuleni, kwaya tunaipiga kila Desemba na wajukuu wanaipenda.

Kwa hiyo mwambie jamaa yako anunue mpya, dukani, aifungue aone lebo. Na akitua asiiache kwenye gari juani hata dakika 20. Plastiki ile na jua la Dar havipatani.

Lakini kama unaniuliza, ni Zeppelin. Sikiliza dramu za When the Levee Breaks. Walikuwa kwenye nyumba kongwe, Headley Grange, wakamweka John Bonham ukumbini chini ya ngazi, vinasa sauti viwili vikaning'inizwa juu ghorofani. Unachosikia ni ile nyumba. Muziki wa siku hizi unapigwa wapi? Hakuna chumba humo ndani.

nyuki_wa_Tabora
Mzee wangu shikamoo. Hiyo Levee si yao. Ni ya Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, 1929, wakiimba mafuriko ya Mississippi ya 1927. Zeppelin walichukua nyingi za watu weusi, nyingine walizitaja nyingine mpaka waburuzwe mahakamani. Mnaposema roki "inadumu" semeni pia inadumu juu ya mgongo wa nani.

Mzee_Kizota
Marahaba. Hiyo jina la Memphis Minnie liliandikwa tangu mwanzo, soma lebo. Ukinitajia Whole Lotta Love sitabisha, hiyo ni ya albamu ya pili.

wa_Molo
Na mtu hajauliza: zawadi ya nani?

Mlandizi_Jr
Baba mkwe. Anastaafu mwezi ujao. Alisoma Leeds miaka ya 70 na huwa anasimulia alivyokuwa anahudhuria makonsati. Mashine ndiyo aliyonunuliwa na shemeji.

BintiShangani
BABA MKWE?! Na FundiSpika anamwambia ampelekee Rumours?

nyuki_wa_Tabora
😂😂😂 Albamu nzima ni talaka. Lindsey Buckingham na Stevie Nicks wanaachana, John na Christine McVie wanaachana, Mick Fleetwood ndoa yake inavunjika, na wote wako studio moja kule Sausalito wakitungiana nyimbo za kuumizana. Go Your Own Way, kaka! Mkwe akijua Kiingereza vizuri atamwita binti yake amuulize kulikoni.

FundiSpika
Mimi niliulizwa mashine, sikuulizwa ndoa. Kiufundi nasimama palepale.

kaptula_ya_kaki
Ndiyo maana nilisema Dark Side.

wa_Molo
Boss, mzee anastaafu unampelekea wimbo Time, saa zikilia zote pamoja halafu anaambiwa miaka imepita na hakufanya kitu? Mpelekee tu barua ya kumfukuza kazi mara ya pili.

Mlandizi_Jr
Pia ni mzee wa kanisa, sijui kama hilo lina uzito.

FundiSpika
Mkuu kila ukirudi unaleta kitu kipya. Kuna lingine? Ana mbwa?

tausi_mweupe
Kama ni mzee wa kanisa basi Zeppelin toa kabisa. Stairway ukiipiga kinyumenyume inamsifu shetani, hili lilishathibitishwa Marekani. Na Hotel California nayo ni hivyohivyo.

Mzee_Kizota
Halikuthibitishwa popote mama, lilisemwa tu na wahubiri kule miaka ya 80 mwanzoni. Robert Plant, mwimbaji wa Zeppelin, aliukataa uvumi huo. Na kwa mashine ya sanduku nani atapiga kinyumenyume? Utaua mkanda wa injini.

tausi_mweupe
Mimi si mama, ni baba. Na moto haupimwi kwa kidole.

nyuki_wa_Tabora
Naleta ya tano. Band on the Run ya Paul McCartney na Wings, 1973. Ilirekodiwa Lagos! Wenzake wawili walijitoa kabla ya safari, akaenda na mkewe Linda na Denny Laine. Yeye na Linda wakatoka usiku kutembea kwa miguu wakati walishaonywa, wakaibiwa kwa kisu, hadi kanda zenye nyimbo za majaribio zikachukuliwa. Ikabidi azikumbuke kichwani. Juu ya hapo Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, akamjia kumwambia amekuja kuiba muziki wa Waafrika, McCartney akampigia alichorekodi ajisikilizie mwenyewe. Ni ya miaka ileile ya Leeds, haina talaka, haina shetani, na stori ya kumsimulia mkwe mezani unayo.

kaptula_ya_kaki
Stori nzuri, albamu ya kawaida. Ukitoa Jet na ule wenye jina la albamu umebaki na nini?

nyuki_wa_Tabora
Let Me Roll It, na Nineteen Hundred and Eighty-Five. Rudi kasikilize pande zote mbili ndipo uje.

BintiShangani
Bado hamjanijibu kuhusu Queen. Haina kasoro ya mkwe yeyote.

nyuki_wa_Tabora
Dada, wimbo wa kwanza kabisa ni Death on Two Legs. Freddie anamporomoshea matusi meneja wao wa zamani dakika tatu na nusu.

BintiShangani
Ataanza na upande B.

wa_Molo
Kwani Brothers in Arms ya Dire Straits iko wapi kwa hii mjadala? 1985, hakuna mtu haijui.

FundiSpika
Nzuri, lakini angalia toleo. Ile ilirekodiwa kidijitali na ikatengenezwa kwa kuifikiria CD. Why Worry kwenye CD inavuka dakika 8, kwenye sahani ya 1985 wameikata ikabaki 5 na kidogo, kwa sababu ukijaza upande mmoja sana mifereji inabanana na besi inapotea. Kuna toleo la baadaye la sahani mbili lenye nyimbo kamili. Hapo tena begi la jamaa linajaa.

Mlandizi_Jr
Wakuu nashukuru, ila nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja. Sasa hivi ninafikiria Band on the Run na Queen, au Dark Side na Queen. Nimemuuliza mke wangu kwa kuzunguka, anasema baba yake anazo santuri za zamani kwenye sanduku stoo ila hajui ni zipi.

FundiSpika
KWA HIYO HUJUI ALIZONAZO.

Mzee_Kizota
Mtu aliyekuwa Leeds miaka ya 70 na mpenzi wa roki, Dark Side anayo. Nakuhakikishia. Ingia stoo kwanza, jifanye unatafuta jembe.

kaptula_ya_kaki
Kama anayo itakuwa imepinda. Mnunulie mpya.

tausi_mweupe
Mimi ningemnunulia Mbaraka Mwinshehe. Mzee wa kanisa au si wa kanisa, kwa Mbaraka atatikisa bega.

wa_Molo
Na huyo London anapatikana duka gani?

tausi_mweupe
Nani kasema London? FundiSpika, uko Dar sehemu gani? Nina ampilifaya ya marehemu kaka yangu, upande mmoja hautoi sauti, na santuri zake nazo zipo, Mbaraka wamo. Ukinitengenezea tutaelewana.

FundiSpika
Nipo Buguruni. Njoo PM, na piga picha ya nyuma zinapoingia waya za spika. Usiifungue.