Kiwanja cha mteremko Matema: maji ya mvua niyapeleke wapi bila kuharibu mandhari ya ziwa?

KandoYaZiwa

Wakuu, mugonile. Nina kiwanja upande wa Matema, mita 40 kwa 110, kinashuka kutoka barabara ya kijiji hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mteremko tumepima ni asilimia 6. Juu udongo ni mwekundu wenye mawe, ukishuka unakuwa mchanga mtupu. Nataka kujenga nyumba ya wageni ya vyumba sita: paa mita za mraba 160, maegesho na njia ya gari mita za mraba 140.

Fundi anashauri mambo matatu. Mtaro wa zege ulionyooka kutoka nyumbani hadi ziwani, kufyeka matete na miti yote ya mbele ili wageni waone maji, na ukuta wa mawe ufukweni kuzuia mawimbi. Moyo unasita. Mvua za Kyela mnazijua, ukifika mwezi wa nne hakuna utani. Nahofia mtaro utakula mchanga, ila mgeni naye hafungi safari kuja kutazama majani. Nifanyeje? Naomba vipimo.

LevoYaMaji

Kabla ya paa, panda barabarani ugeuke utazame mlimani. Umetupa ukubwa wa paa lakini hujasema maji gani yanakuja kutoka juu, na Matema imekaa miguuni mwa Milima ya Livingstone. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Piga hesabu. Mvua kali ya milimita 80 kwa saa kwenye paa lako inatoa kama lita 3.2 kwa sekunde. Mvua hiyohiyo kwenye hekta moja tu ya mteremko ulio juu ya kiwanja, ukichukulia asilimia 40 ndiyo inayotiririka, inatoa lita 89 kwa sekunde. Karibu mara 28. Gata na matangi hayasaidii kitu kama maji ya mlimani yanapita katikati ya uwanja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mtaro wa kukinga kwenye mpaka wa juu. Uwe wa nyasi: kitako mita 1, kina sentimita 35, kuta zilale, kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 2 za upana. Uushushe sentimita 1 kwa kila mita. Kwa lita 89 maji yatasimama kama sentimita 15 na kwenda taratibu, nusu mita kwa sekunde, nyasi hazing'oki. Nafasi inayobaki juu ni ya siku mbaya.

Ukifika pembeni mwa kiwanja mtaro lazima ushuke na mteremko wa asilimia 6, na hapo maji yanakaribia mita 1 kwa sekunde. Mchanga hauvumilii. Weka vizuizi vya mawe vya sentimita 30, kimoja kila mita 5, ili kichwa cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kizuizi cha juu. Katikati ya kila kizuizi pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 10 au zaidi. Kikiwa bapa au kimevimba katikati, maji yanazunguka pembeni na kuchimba ukingo, na msimu mmoja tu unapata korongo.

Mtaro usiishie mpakani kwa jirani. Maji yafuate njia yaliyokuwa nayo tangu zamani. Kama kuna kijito, hata cha msimu, zungumza na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa kule Tukuyu kabla ya kukigusa.

Sasa maji yako mwenyewe. Mvua ya milimita 60 kwa saa inakupa takriban mita za ujazo 8.6 kutoka paani na 5.9 kutoka maegesho, jumla 14.5. Chimba bustani ya kunyonya maji ya mita za mraba 40, kina sentimita 20, kitako kiwe sawa kama meza. Hiyo inabeba mita za ujazo 8. Chini yake chimba makinga maji mawili yanayofuata usawa wa ardhi, kila moja mita 20 kwa nusu mita kwa nusu mita, udongo uurushe upande wa chini. Hayo yanabeba mita za ujazo 10. Ukijumlisha mvua inayoangukia bustani yenyewe bado una nafasi, na mchanga unaendelea kunywa muda wote huo.

Kila kinga lipimwe kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani. Kupima kwa macho ndiko kunakoangusha makinga: mwisho mmoja ukiwa chini kwa sentimita 10 tu, maji yote yanakimbilia huko na kupasua tuta. Acha mlango wa kumwagia wenye upana wa mita 1, uupange mawe, maji yatoke yametandazika juu ya nyasi, yasitoke kwa mdomo mmoja.

Tofali_Sita

Kwa nini usichimbe shimo moja kubwa la kunyonya, kina mita 3, ujaze mawe? Halichukui nafasi na halionekani.

LevoYaMaji

@Tofali_Sita kwenye udongo mwekundu wa juu linawezekana. Chini kwenye mchanga hapana. Shimo linahitaji angalau mita 1 ya udongo mkavu kati ya kitako chake na maji ya ardhini, na karibu na ziwa maji ya ardhini yanapanda kufuata ziwa. Lichimbe mwezi wa kumi utalisifu, mwezi wa nne utalikuta limejaa kabla hata mvua haijanyesha. Shimo la majaribio lichimbwe mwishoni mwa masika.

Akiamua kuliweka juu, likae mita 5 au zaidi kutoka msingi wa nyumba, na mbele yake pawe na chemba ya kutega tope: sentimita 60 kila upande, bomba la kutokea liwe sentimita 30 juu ya sakafu. Bila chemba, tope linaziba nafasi zote kati ya mawe, na shimo lililoziba halisafishwi, linafukuliwa. Na maji ya paa yasiingizwe kwenye karo la choo hata kwa bahati mbaya, karo likifurika uchafu unashuka ziwani watu wanakochota maji.

PogoaTaratibu

Nije kwenye mandhari, maana fundi anakuuzia uharibifu kwa jina la mandhari.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa. Ziwa Nyasa linapanda na kushuka kila mwaka, kwa hiyo anzia pale takataka za maji makubwa zilipowahi kufika, usianzie maji ya leo. Unabaki na kama mita 50 za kujengea, na hizo ziko juu ya kiwanja. Kwa mandhari hiyo ni faida.

Tuseme ukingo wa baraza uko mita 65 kutoka majini. Ardhi imeshuka mita 3.9. Sakafu ya baraza ipandishe sentimita 60, jicho la mgeni aliyekaa kitini liko sentimita 120 juu ya sakafu. Jumla jicho liko mita 5.7 juu ya ziwa. Matete ya mita 3 yaliyosimama ukingoni yatamficha mgeni kama mita 72 za kwanza za maji. Baada ya hapo ni ziwa tupu hadi upeo, na milima kushoto anaiona yote. Unataka kufyeka ukingo mzima kwa ajili ya mita 72?

Matete ndiyo yanayoshika mchanga na kuvunja nguvu ya wimbi, na samaki wadogo wanajificha humo. Yang'oe, baada ya misimu michache utakuwa unanunua mawe. Ukuta wa fundi ni mbaya zaidi: wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu yake, linachimba mguuni, mchanga unaondoka kwako na kwa majirani wa pande zote mbili. Ukitaka mahali pa kushukia, fungua upenyo mmoja wa mita 3, uukate kwa mshazari ili wimbi lisiingie moja kwa moja.

Miti usiikate vichwa. Mwembe uliokatwa kichwa unatoa machipukizi mengi yaliyosimama wima, na miaka miwili baadaye umejenga ukuta wa majani pale pale ulipotaka dirisha. Pogoa matawi ya chini, usizidi theluthi moja ya kimo cha mti, ukate nje kidogo ya shingo ya tawi (pale palipovimba linapoungana na shina) bila kuacha kisiki. Mgeni atatazama ziwa chini ya kivuli.

Kwenye tuta la makinga maji panda nyasi za vetiva. Mabingobingo usipande, yanapita mita 3 na yako karibu na baraza, hayo kweli yataziba. Vetiva unaipunguza hadi sentimita 40 mara mbili kwa mwaka, na mizizi inashuka mita 2 na zaidi.

Kuna mandhari nyingine inayosahaulika, ya mtu anayepita barabarani. Ukizungusha uzio wa tofali wa mita 2.5 kwa upana wote wa mita 40, umemnyima kijiji kizima ziwa lake. Nyumba isogeze upande mmoja, uzio wa mbele uwe wa miti hai unaopunguzwa kifuani, na njia ya watu kwenda majini ibaki wazi. Bati lichague la kijani kilichofifia au kahawia, bati jeupe linamulika hadi kwa aliye kwenye mtumbwi. Taa za nje zitazame chini. Usiku usio na mwezi wavuvi wa usipa wanawasha taa ziwani, na kurunzi moja kubwa barazani inaifuta picha yote ile.

KandoYaZiwa

Ndaga fijo. Hesabu ya mita 72 imenifungua macho, nilidhani matete yataficha ziwa lote. Maswali mawili yamebaki. Bustani ya maji haitazaa mbu? Na njia ya miguu ya kushuka ufukweni naijengaje?

LevoYaMaji

Mbu kutoka yai hadi kuruka anahitaji siku 7 au zaidi kwenye joto la huko. Bustani ikauke ndani ya saa 48. Pima kabla: chimba shimo la sentimita 30 mahali hapo, lijaze maji, likinywa lijaze tena, kisha pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Milimita 25 na kuendelea, endelea na kazi. Chini ya hapo, punguza kina uongeze eneo. Hatari kubwa ya mbu iko kwenye gata zilizolala na matangi yasiyo na wavu.

Tanki weka, lakini usilihesabu kwenye kuzuia mafuriko, kwa kuwa mwezi wa nne litakuwa limejaa tayari. Maji ya kwanza ya kuosha paa yatoe nje, lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 160. Bomba la inchi 4 linabeba lita 8 tu kwa mita, kwa hiyo tumia pipa la lita 200 lenye koki chini, lifunguliwe kila mvua ikiisha.

PogoaTaratibu

Njia ya miguu isinyooke. Njia iliyonyooka kwenye mchanga ndiyo mtaro unaofuata. Ipinde mara tatu au nne, na kila mita 8 laza gogo au mstari wa mawe kwa mshazari, uchomoze sentimita 10, ili maji yatupwe kwenye nyasi pembeni. Usiipige zege, kokoto inatosha.

Ratiba: mitaro na makinga yachimbwe kuanzia mwezi wa saba, kabla ya msingi wa nyumba, ili udongo wa ujenzi ukute pa kunaswa. Vetiva ipandwe mvua zikishashika, mwezi wa kumi na mbili, vipande viwili vitatu kwa shimo, sentimita 10 hadi 15 kati ya mashimo, majani yakatwe yabaki sentimita 20. Mstari ukiwa na pengo la hatua moja, maji yatapitia hapo, kwa hiyo weka miche ya akiba ya kuziba mapengo mwezi wa kwanza.