Mariga au Wanyama: kiungo chipukizi afuate njia ya nani?

namba6_asilia:
Wadau tulinganishe hawa ndugu wawili wa Kenya, McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama, kwa roho safi. Mariga alipitia Sweden akaenda Parma ya Italia, Januari 2010 akatua Inter ya Mourinho na msimu huohuo wakabeba ligi, Coppa Italia na Champions League. Wanyama yeye ni Beerschot ya Ubelgiji, Celtic ya Scotland, Southampton na Tottenham za Uingereza, halafu Montreal ya Kanada. Kama wewe ni kiungo mkabaji ndio unaanza, unachagua njia ipi?

kona_ya_mashabiki:
Mariga. Mpaka leo sijaona Mkenya mwingine mwenye ile medali ya Ulaya. Na wanaosema alikuwa anakaa benchi tu wakumbuke nusu fainali ya marudiano pale Camp Nou, Motta kashapewa nyekundu, Inter wako kumi, Barcelona wanashambulia kama mvua, Mourinho anamtoa Eto'o dakika za mwisho anamwingiza Mariga akabe. Kocha hakupi dakika kama zile kama hakuamini.

dada_kiungo:
Kaka nakuelewa ila dakika chache haziwezi kumjenga mkabaji. Pale Inter mbele yake kulikuwa na Cambiasso, Zanetti na Motta, sasa hapo unacheza saa ngapi? Baadaye akaanza kuzunguka kwa mkopo, Real Sociedad, Parma tena, na goti nalo likamsumbua. Wanyama msimu wa 2016/17 alicheza mechi 36 kati ya 38 za ligi, Spurs (Tottenham) wakamaliza wa pili na pointi 86, na mechi ya mwisho pale White Hart Lane, uwanja wao wa zamani, dhidi ya Man United bao la kwanza ni kichwa chake. Mimi hiyo ndio naita kazi ya kiungo, kocha akiandika kikosi jina lako liko.

mtu_wa_pwani:
Namuunga mkono dada. Mimi ni Mtanzania na nilimfuatilia sana Wanyama, kilichonivutia ni vile hakuruka ngazi. Celtic alipata mechi nyingi na presha ya ubingwa kila msimu, Novemba 2012 akawafunga Barcelona wakashinda 2-1, ndipo Southampton wakatoa pauni milioni 12.5 akawa Mkenya wa kwanza kucheza Premier League. Alifika Uingereza akiwa ameshaiva.

kona_ya_mashabiki:
Sawa lakini nani alimfungulia mlango? Dogo alimfuata kaka yake Helsingborg ya Sweden, Mariga alipoondoka kwenda Parma yeye akarudi nyumbani, ndio baadaye akapata Ubelgiji. Halafu hiyo rekodi ya Premier League ingekuwa ya Mariga, dili la Manchester City lilikwama Januari 2010 kwa sababu ya kibali cha kazi tu, si kiwango. Na goti halikumbagua mdogo mtu pia, Agosti 2017 aliumia na hakuwahi kurudi kuwa yule wa mwanzo.

dada_kiungo:
Hilo la goti ni kweli na linaniuma mpaka leo, maana hata baada ya hapo aliwapiga Liverpool lile kombora pale Anfield Februari 2018, yaani ukiliona unajua mguu bado ulikuwepo ila mwili ndio haukuruhusu mechi tatu nne mfululizo. 2019 alianza mechi ya marudiano ya nusu fainali ya Champions League na Ajax, wakiwa nyuma 2-0 akatolewa mapumziko, na fainali hakugusa mpira.

namba6_asilia:
Na Mariga naye fainali ya 2010 hakuingia, kwa hiyo wote wawili walifika fainali ya Champions League na hakuna aliyeingia uwanjani. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi naelekea kwa Wanyama, hasa ile miaka ya Celtic, kijana apate timu inayompa mechi kwanza.

mtu_wa_pwani:
Ila klabu kama Inter ikimpigia simu akiwa na miaka 22 kama Mariga, nani atamwambia akatae?

dada_kiungo:
Asikatae, aende. Ila kabla ya kusaini aulize kocha anamtaka kwa nafasi gani, na kama kuna mkopo aende timu itakayomwanzisha.