Dexter Gordon: nianze na Go, Our Man in Paris au Homecoming?

mgeni_wa_jazz: Wakuu habari zenu. Nimemsikia Dexter Gordon, yule mpiga saksafoni wa jazz, juzi tu nikanasa hapo hapo, sasa kila ninayemuuliza albamu ya kuanza nayo ana lake, huyu anasema Go ya 1962, yule Our Man in Paris ya 1963, mwingine Homecoming ya 1976. Bando lenyewe la kuungaunga, naanza na ipi?

Mzee wa Santuri: Go, tena leo leo. Wameirekodi Agosti 27 kwenye studio ya Rudy Van Gelder, piano Sonny Clark, besi Butch Warren, dramu Billy Higgins. Weka wimbo wa Cheese Cake humo usikilize jamaa anavyochelewa makusudi, mdundo unatangulia yeye anafuata nyuma kama mtu anayetoka msikitini hana haraka ya kufika nyumbani, na wala hapotei. Halafu kumbuka miaka ya 50 imemwendea vibaya sana, heroini, jela, watu walishamsahau. Kwa hiyo utulivu ule ana haki nao.

dada_tenor: Mzee shikamoo, ila hapo sikubaliani na wewe hata kidogo 😂 Paris ndo yenyewe. Piano alikuwa apige Kenny Drew na Dexter alitaka wapige vitu vipya, akaja Bud Powell badala yake, na Bud hakutaka habari za nyimbo mpya, basi wakapiga zile zinazojulikana na kila mtu, na kwa mgeni ndo nzuri maana ukishaijua A Night in Tunisia unasikia kabisa pale anapoiacha njia na pale anaporudi. Kenny Clarke kwenye dramu usiseme.

besi_nzito: Nyie wote mnamlisha mtoto vitu vya studio. Dexter ni wa jukwaani bwana. Kaishi Ulaya miaka 14 hivi, zaidi Copenhagen, pale klabu ya Jazzhus Montmartre ndo kama kwake, halafu Desemba 1976 anarudi New York anapiga klabu ya Village Vanguard, na ndo hiyo Homecoming, na tarumbeta ya Woody Shaw juu yake. Sikiliza watu wanavyomshangilia. Kuna na wimbo wa Fenja humo, jina la mkewe.

dada_tenor: Santuri mbili, ngoma moja inapita dakika kumi, mgeni atasinzia 😅

besi_nzito: Asinzie na Gingerbread Boy? Labda ana homa.

mgeni_wa_jazz: Haha asanteni. Hivi ndo huyu alicheza filamu akawa mwanamuziki yuko Paris?

Mzee wa Santuri: Marahaba dada. Ndiye huyo mgeni, filamu ya 1986, mpaka akateuliwa Oscar ya mwigizaji bora, na hakuwa mwigizaji wa kazi. Amefariki 1990. Na msimchukulie wa pembeni, Coltrane na Rollins, wale magwiji wa saksafoni, wote wamechota kwake walipokuwa vijana.

dada_tenor: Hapo sawa. Ila mgeni, zile nyimbo za taratibu usiziruke. Kwenye shoo alikuwa na kawaida ya kuyasema kwanza maneno ya wimbo, na ile sauti yake nzito, ndo anapiga. Jaribu Stairway to the Stars hiyo ya Paris utaona anavyoimba na saksafoni.

mgeni_wa_jazz: Nimeshusha Cheese Cake na hiyo Stairway. Homecoming nasubiri waifai ya kazini.

besi_nzito: Weka hedifoni, spika ya simu itakula besi yote.