Picha za singo zimebaki kwangu na wenyewe hawajui, nifanyeje?

kamera_ngamiani

Salaam wakuu na dada zangu, naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mi ni dada wa miaka 26, napiga picha hapa Tanga mwaka wa tatu, kazi zangu ni pasipoti, mahafali, harusi za ukumbini, na wateja wangu wengi ni wanawake kwa sababu kuna shughuli mwanaume haingii. Juzi hapa nikaitwa kwenye singo huku huku Ngamiani. Kwa ambao sio wa pwani, singo ndio ile siku bibi harusi anasuguliwa mwili kwa liwa na manjano na marashi kabla ya ndoa, wanawake peke yao uani, vichwa wazi, kanga vifuani, hakuna baibui pale.

Mlangoni somo wa bibi harusi, yaani mama anayemfunda, alikuwa kakaa na kapu, kila anayeingia simu yake inatumbukia kapuni, hata mashangazi. Mi tu ndio nikaachiwa kamera, ila akanipa sharti mbele ya watu wote: ukimaliza picha zote zinahamia kwenye flashi yetu hapa hapa, kadi inafutwa tukiona kwa macho, huondoki na kitu. Kusema kweli liliniuma. Nilijisemea kama hawaniamini wameniita wa nini.

Saa nzima ya kwanza sikupata kitu cha maana, kila nikiinua kamera watu wanakauka, kanga zinavutwa juu, vicheko vinakatika. Nikaiweka kamera mkekani, nikavuta mbuzi nikakuna nazi na wenzangu, nikaitikia nyimbo, nikaulizwa wewe mtoto wa nani, nikajieleza mpaka kwa bibi yangu, kumbe kuna mama alikuwa anamjua. Baada ya hapo hata sikumbuki nilianza tena saa ngapi. Mama mzazi wa bibi harusi alikuja akachukua liwa mkononi kwa somo akaanza kumpaka mwanae mgongoni polepole, akafumba macho, machozi yanamdondokea binti begani, na binti bila kugeuka akapeleka mkono nyuma akamshika mama kidole kimoja. Nikapiga mara moja tu. Sijawahi kupiga picha kama ile na sijui kama nitapiga tena.

Basi nikahamisha, nikafuta, somo akashuhudia na akanikumbatia. Nimefika nyumbani ndio nagundua, kamera ile niliazima kwa mwenzangu, ina sehemu mbili za kadi na yeye alikuwa kaiseti iandike kote kote. Kadi ya pili ipo kamili, picha 214, na ile ya mama imo.

Sasa kuna shindano la picha natamani kuipeleka, nyuso naweza kuzififisha. Au nifute kimya kimya, nani atajua? Au niende niseme, lakini nikisema nani ataniita tena, si mnaijua Ngamiani, barabara ya 5 wakijua asubuhi mpaka adhuhuri barabara ya 15 wameshajua.

fundi_kadi

Dada, kwanza mambo ya kiufundi maana naona wengi hawayajui. Ukibonyeza futa kwenye kamera picha haijaondoka. Kinachofutika ni kama ile orodha mwanzoni mwa daftari, kurasa zenyewe zipo palepale mpaka uandike vitu vingine juu yake. Hata kufomati kwa kamera nyingi ni hivyohivyo, kuna programu za bure kabisa zinarudisha picha dakika kumi tu. Kwahiyo hata ile kadi ya kwanza uliyofuta mbele ya somo, kama bado unayo na hujapigia kazi nyingine, picha za watu zimo humo.

Ukitaka zipotee kweli, futa halafu jaza kadi yote kwa picha za ukuta mpaka ikatae, au ivunje, kadi sio ghali kuliko heshima yako. Halafu ulipofika nyumbani uliifungulia kwenye simu? Kama simu yako inapandisha picha yenyewe kwenye mtandao basi zipo huko pia, angalia leo leo. Na kamera irudishe kwa mwenzio bila kadi yoyote ndani.

mjukuu_wa_chumbageni

Mi nitasema tofauti na naomba msinishambulie. Picha kubwa duniani nyingi zilipigwa hivyohivyo, mpiga picha kaona kitu kakichukua. Yule mama wa Marekani mwenye watoto wamemwegemea mabegani, Dorothea Lange alimpiga mwaka 1936 huko Nipomo, California, na mwenyewe Lange alikuja kuandika kwamba hata jina hakumuuliza. Leo dunia nzima inaelewa njaa ya miaka ile kupitia uso wa mama mmoja. Angekuwa wa kuogopa ogopa ile picha isingekuwepo. Dada umepata kitu cha maana, fifisha nyuso peleka, hakuna anayeumia.

bint_makorora

@mjukuu_wa_chumbageni malizia basi hiyo habari. Yule mama aliitwa Florence Owens Thompson na watu walikuja kulijua jina lake mwaka 1978, miaka 42 baadae, na aliposema alisema anatamani asingepigwa ile picha na hakupata hata senti moja. Miaka yote hiyo sura yake inazunguka na mwenyewe yuko kimya anaishi maisha yake. Unasema hakuna anayeumia, yeye je?

Na hilo la kufifisha nyuso naomba nieleze maana limenipata mwenyewe. Mi niliolewa miaka sita iliyopita hapa hapa Tanga na kwenye kesha letu la wanawake kuna mtu aliingia na simu akapiga picha, sio mpiga picha, ni ndugu, na wala hakuwa na ubaya, alimtumia mwenzie mmoja Dar aliyeshindwa kuja ili aone tulivyopendeza, na yule akamtumia mwingine, ikafika kwenye grupu la ofisini kwa shemeji yangu. Uso wangu ulikuwa haujatokea vizuri. Lakini hina yangu ilitokea, na mchoraji wa hina hapa mjini kila mtu anajua mkono wake, na kanga tuliyovaa sare ilitokea na jina lake likasomeka, na ule mlango wa uani kwetu wa bluu ulitokea, basi ndani ya siku mbili kila mtu anajua ni mimi. Mume wangu hakunisema hata neno moja, namshukuru, lakini mama yangu hakwenda kwenye shughuli ya mtu karibu mwaka mzima na alikuwa anapenda shughuli yule mwanamke jamani, alikuwa ndio wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alikuwa akiulizwa anasema miguu inamuuma.

Kwahiyo dada mpiga picha, lile kapu la somo usilichukulie kwamba hawakuamini. Mashangazi wa damu wamenyang'anywa simu, wewe mgeni ukaachiwa kamera nzima. Mi nikiangalia naona hakuna aliyeaminiwa siku ile kama wewe.

mzee_chumba_cha_giza

Wanangu hamjambo. Nilikuwa na studio Tanga mjini kuanzia enzi za rangi mbili mpaka mashine za kisasa zilipotuondoa. Naomba niseme kidogo kuhusu kubaki na picha za watu.

Sisi siku zile roli moja ilikuwa picha 36 na kila moja ilikuwa na hesabu yake, huwezi kubonyeza ovyo. Mtu anakuja kakaa, unamrekebisha kidevu, unamwambia fikiria unayempelekea picha hii, na hapo ndipo uso unabadilika, akikumbuka mtu wake. Ilikuwa siri yangu ya kazi hiyo. Picha anachukua yeye, negativu inabaki kwangu, kwenye bahasha, na namba. Na watu walijua inabaki na hawakuwa na wasiwasi, kwa sababu walijua ninapokaa, walinijua na baba yangu. Nimewahi kufuatwa usiku na kijana kafiwa na mama yake hawana picha hata moja, nikatafuta nikakuta mama yule alipiga ya kitambulisho miaka kumi na moja nyuma. Nikaisafisha usiku uleule.

Lakini wamekuja watu pia, wageni, wakataka kununua negativu zangu kwa mkupuo, wanasema ni sanaa. Nilikataa. Huko Bamako, Mali, kulikuwa na fundi mkubwa anaitwa Seydou Keïta, alifungua studio mwaka 1948, wateja wake walikuwa wanaazima saa na redio za studio ili watoke wanavyotaka, na mara nyingi mtu mmoja alimpiga negativu moja tu. Mwaka 1991 picha zake zikaonyeshwa New York na hapakuandikwa hata jina lake, wameandika mpiga picha hajulikani. Ikiwa fundi mwenyewe hakutajwa, sembuse wale waliovaa vizuri wakaenda kupiga picha za kuweka kwao sebuleni?

Mimi niliruhusiwa kubaki na negativu. Wewe binti yangu hukuruhusiwa. Mkono umezipata kwa bahati mbaya, sawa, lakini tangu ulipojua zipo, kila siku inayopita unazishikilia mwenyewe. Nenda kwa mama, sio kwa somo. Machozi ni ya mama.

jahazi_bgy

Mi niko Bagamoyo, napiga sana pale soko la samaki na kwenye majahazi yakifika asubuhi. Kwetu tatizo ni lile lile kwa sura nyingine, watalii wanashuka wanawalenga wavuvi lenzi ndefu kutoka mbali kama wanawinda, wavuvi wamechoka, ukitokea na kamera tu unaonekana wale wale. Nilichofanya, kila Jumamosi narudi na picha nilizosafisha wiki iliyopita nagawa mkononi. Mwezi wa kwanza walizipokea kimya. Mwezi wa tatu mzee mmoja akanivuta akasema njoo unipige na mwanangu, nataka na hii boti ionekane, tunaiuza. Picha ile sijaiweka popote, ni yao.

Shindano litakuja lingine dada. Na kisheria pia uwe macho, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, picha inayomtambulisha mtu nayo ni taarifa yake binafsi. Ila kwa kweli mi sheria nisingeianza mbele, ningeanza na mama.

kamera_ngamiani

Nimerudi. Asanteni wote, na bint_makorora pole sana, nilisoma yako mara tatu na nikamsomea mama yangu.

Jana baada ya alasiri nilikwenda. Nilikuwa na kadi ile ya pili, na ile ya kwanza pia baada ya maelezo ya fundi_kadi, na kamera ili niweze kumuonyesha. Simu nayo nimeikagua, haikupandisha kitu. Bahati mbaya somo naye alikuwepo. Nikaeleza kama ilivyokuwa, kamera ya kuazima, kadi mbili, nimekaa nazo wiki mbili, na nikasema pia nilitamani kuipeleka moja kwenye shindano, sikuficha. Somo aliinuka akatoka, mpaka naondoka hajanisemesha, na sijui kama atanisemesha tena, ana haki yake.

Mama alikaa kimya muda mrefu kisha akasema nionyeshe. Nikamfungulia ile. Aliiangalia nadhani dakika tano, anaikuza, anaangalia kile kidole. Akasema, "Sikujua kama alinishika." Kumbe alikuwa hakumbuki, alikuwa kazama kwenye kulia kwake. Binti keshaenda Muscat na mumewe siku nne tu baada ya harusi.

Ile kwenye flashi anasema ipo lakini flashi kaishika somo na wao hawana kompyuta, hawajaziona hata moja mpaka leo. Hilo lilinishtua, yaani sharti lote lile na wenye picha hawajaona picha.

Shindano kakataa, kwa upole tu, "hii hapana mwanangu". Nikasema sawa. Kadi zote mbili kabaki nazo yeye, kazifunga kwenye pindo la kanga. Ila anataka ile moja isafishwe, ndogo ya kuweka kwenye Msahafu wake, na hataki iguswe na mwanaume yeyote, na studio zote ninazozijua hapa mjini mashine wanakaa vijana wa kiume. Kuna mtu anajua mahali?

bint_makorora

Mi nina mashine ndogo ya picha hapa nyumbani, ile ya kuchomeka kadi moja kwa moja haipiti kwenye kompyuta, inatoa saizi ya albamu. Karatasi zipo. Njoo naye mama, wanaume wa nyumba hii wanarudi saa moja usiku.

fundi_kadi

Dada bint_makorora, kama ni zile mashine za utepe wa rangi, ule utepe ukishatumika unabaki na kivuli cha picha, mtu akiunyoosha kwenye mwanga anaiona yote. Mkimaliza kata kile kipande mpe mama aondoke nacho.

kamera_ngamiani

Sikulijua hilo. Ntakwenda na mkasi. Alhamisi saa tisa mchana inafaa?

bint_makorora

Inafaa. Mwambie mama aje na njaa.