Mrejesho: GPU (kadi ya picha ya kompyuta) mpya au iliyotumika?

Wakuu, niliuliza kama ninunue RTX 5060 mpya au 3060 iliyotumika kwa mashine yangu ya gemu hapa Arusha. Asanteni kwa michango, hata wewe uliyeniambia nioe kwanza.

Nimechukua 3060 ya memori GB 12. Ile mpya niliyoitaka ina GB 8 tu, halafu inatumia njia nane za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na mazabodi. Kwenye mazabodi yangu ya PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo, njia hizo zinabana, hasa memori ikijaa. Hii ya 2021 inatumia zote 16. Ubaya wake ni umeme, wati 170 dhidi ya 145, na haina ule ujanja wa DLSS (teknolojia ya Nvidia) wa kuzalisha fremu za ziada ili gemu iende laini. Kwa skrini ya 1080p sijauhitaji.

Muuzaji yuko Moshi. Niligoma kulipa kabla haijawashwa. Fundi alipofungua feni, vumbi jekundu lilikuwa limegandamana kwenye mapezi ya kupoozea kama ugoro. Akapuliza, akapaka pesti mpya ya kupitisha joto, tukaibebesha gemu nzito mpaka joto likatulia nyuzi sabini na kitu. Hapo ndipo nikatoa hela.

Pawa saplai ni ileile ya wati 550, ila nimeongeza stabilaiza. Umeme wa mtaani kwetu mnaujua.